OptiPlex 9020 na kadi ya grafiki: pawa saplai ndiyo inayochagua

Dell OptiPlex 9020 ilitoka mwaka 2013, na hadi leo utaikuta kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo na Luthuli, ikiwa imepangwa na ndugu zake wa HP na Lenovo waliostaafishwa maofisini Ulaya. Kwa kazi za ofisi haina neno. Ikija gemu, prosesa yake ya i5-4570 au i7-4770 bado inasukuma, ila grafiki ya ndani, Intel HD 4600, imeshafika mwisho. Si kasi peke yake. Intel waliizima DirectX 12, daraja ambalo gemu mpya hulitumia kuongea na kadi, kwenye draiva za prosesa za kizazi cha nne (namba zinazoanza na 4, kama hizi) kuanzia toleo 15.40.44.5107, kwa sababu ya tundu la usalama. Ndiyo maana gemu mpya inawaka sekunde mbili, inalalamika kwamba DirectX 12 haipo, kisha inajifunga. Usihangaike kutafuta draiva nyingine. Dawa ni kadi.

Wengi huanza na gemu: wanasoma mahitaji yake, wanaitafuta kadi iliyotajwa, wanainunua, halafu nyumbani wanakuta haiingii kwenye kasha au hakuna waya wa kuilisha umeme. Kwenye mashine ya ofisi mambo huenda kinyume. Kasha na pawa saplai ndivyo vinavyochagua, na wewe unachagua katika kile kilichobaki.

Fungua ubavu kwanza

9020 ina maumbo kadhaa, na muuzaji akisema tu "nainti tauzandi twenti" hajakwambia kitu. Mini Tower (MT) ni kasha refu lenye pawa saplai ya wati 290. SFF ni lile la kulala, wati 255, na linapokea kadi fupi tu, zenye bamba dogo la nyuma. USFF na Micro hazina mahali pa kadi ya grafiki kabisa; ukiuziwa mojawapo kwa ajili ya gemu, irudishe mapema.

Kwenye MT utaona sloti mbili ndefu zinazofanana. Hazifanani ndani. Ya kwanza ina njia zote 16 za PCIe 3.0 (PCIe ni barabara ya data kati ya kadi na mashine) na inaongea na prosesa moja kwa moja. Ya pili ina urefu uleule lakini njia zake ni nne tu, tena za PCIe 2.0. Kadi ikichomekwa huko itawaka vizuri na kila kitu kitaonekana sawa, isipokuwa kasi ya kupitisha data itakuwa kama GB 2 kwa sekunde badala ya karibu GB 16. SFF ina mtego wake: sloti kamili imebanana na pawa saplai, kwa hiyo kadi nene ya kuchukua nafasi mbili haikai. Watu huihamishia kwenye ile ya njia nne na kuridhika. Mimi ningetafuta kadi nyembamba ya nafasi moja, hata kama ni dhaifu kidogo.

Chukua rula. Pima kutoka bamba la nyuma hadi kwenye kibanio cha diski. Kadi yenye feni moja huwa na sentimita 15 hadi 17 na inaingia bila kelele. Ya feni mbili huzidi sentimita 20, na hata ikipita, kebo za SATA, yaani za diski, zinaweza kusukumwa hadi zikaguse feni.

Hesabu ya umeme

Sloti ya PCIe x16 inaruhusiwa kutoa wati 75 na si zaidi. Humo, amperi 5.5 za volti 12 ni wati 66, na karibu 10 zilizobaki hutoka kwenye volti 3.3. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima iwe na plagi yake juu: ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 wati 150.

Pawa saplai ya 9020 MT haina plagi hizo. Inatoa waya mbili tu: pini 8 kwenda kwenye bodi na pini 4 kwenda kwa prosesa. Hata umeme wa diski hutoka kwenye bodi yenyewe. Hapo ndipo zile adapta za kugeuza SATA kuwa pini 6 zinapokuwa hatari. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja amperi 1.5, jumla wati 54. Kadi inaomba 75. Tena kwenye mashine hii, mzigo huo unapita kwenye njia nyembamba za bodi ambazo zilichorwa kwa ajili ya diski mbili na deki ya DVD. Mwanzo utasikia harufu ya plastiki, baadaye plagi inakuwa ya kahawia, na siku moja bodi haiwaki. Usiinunue hiyo adapta hata ukipewa bure.

Sasa jumlisha. i5-4570 ni wati 84. Kadi isiyo na plagi ni wati 75 kwa juu kabisa. Bodi, RAM, SSD na feni weka 45. Hiyo ni kama wati 205 kati ya 290, na kimahesabu imekaa salama. Kwa SFF yenye 255 bado inafaa, ila kasha lile linapumua kwa shida, kwa hiyo kadi ya wati 50 hivi italala usingizi mzuri zaidi kuliko ya 75.

Je, ubadilishe pawa saplai uweke kubwa? Inawezekana kwenye MT, kwa adapta ya kugeuza pini 24 za kawaida kuwa 8 za Dell. Hakikisha imeandikwa kuwa ni ya Dell, maana HP EliteDesk 800 G1 hutumia pini 6 na Lenovo za wakati ule pini 14, na mpangilio wa waya ni mwingine kabisa. Na pawa saplai nyepesi kama boksi tupu iliyoandikwa 500W ni mbaya kuliko hii ya Dell ya 290. Kama huna uhakika wa kupata nzuri, baki na ya kiwandani na uchague kadi isiyo na plagi. Huo ndio msimamo wa andiko hili lote.

Kadi zenyewe

GTX 1050 Ti, GB 4, wati 75, ya Oktoba 2016. Ni ya bei rahisi kwenye mtumba na inaendesha mambo mengi: EA Sports FC 24, kwa mfano, iliitaja kama kiwango cha chini. Kasoro yake ni umri. NVIDIA walisitisha draiva za gemu mpya kwa kizazi chake Oktoba 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Ukiipata kwa bei ya kutupa, chukua. Kwa bei inayokaribia ya GTX 1650 inayofuata hapa chini, iache.

GTX 1650, GB 4, wati 75, Aprili 2019. Hii ndiyo chaguo la kawaida kwa 9020 MT. Angalia kitu kimoja kabla ya kutoa pesa: kuna matoleo yenye plagi ya pini 6 juu, hasa yaliyoongezwa kasi kiwandani. Igeuze kadi uitazame ubavu wake wa juu. Ukiona plagi, si yako.

RTX 3050 ya GB 6, Februari 2024, wati 70, haina plagi. Kati ya kadi za gemu, ni mojawapo ya zenye nguvu zaidi unazoweza kuzichomeka hapa bila kugusa pawa saplai, na ina DLSS, mbinu ya NVIDIA ya kukuza picha ndogo ili fremu ziongezeke. Jina linachanganya watu: RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine, wati 130, plagi ya pini 8. Soma ukubwa wa kumbukumbu kwenye boksi, usisome namba kubwa peke yake.

RX 6400, GB 4, wati 53, nyembamba na fupi, kwa hiyo inakaa kwenye SFF katika sloti kamili. Lakini ina njia nne tu za PCIe, iliyokusudiwa kwa bodi mpya za 4.0. Kwenye 9020 njia hizo nne zinashuka hadi 3.0, kama GB 4 kwa sekunde. Muda wote gemu inapotosheka na GB 4 za kumbukumbu hutagundua. Ikizidi hapo, data inaanza kupanda na kushuka kutoka RAM kupitia kipenyo hicho na picha inakatakata. Tena haina kifaa cha kurekodi video, hivyo anayetaka kurusha gemu mubashara ataubebesha mzigo huo i5 yake, ambayo tayari inahema.

Kwa SFF kuna njia ya pembeni ambayo wachezaji wengi hawaifikirii: kadi za kazi kama NVIDIA T1000, wati 50, nyembamba na fupi, haina plagi. Ina viini (cores) 896 vya jamii ileile ya GTX 1650. Matundu yake yote ni mini DisplayPort, kwa hiyo weka bei ya adapta kwenye bajeti.

Mbili za kukataa. Intel Arc A380 ni wati 75 na kwa karatasi inavutia, ila inategemea Resizable BAR (prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), kitu ambacho bodi za 2013 hazina. Bila hicho inapoteza nguvu nyingi sana. Na GT 1030 ya DDR4: ile ya GDDR5 ina kasi ya kumbukumbu ya GB 48 kwa sekunde, hii ya DDR4 ina 16.8, na boksi zao zinafanana kama mapacha.

Kadi bandia

Soko la mtumba lina kadi za zamani, mara nyingi GTS 450 au GTX 550 Ti za mwaka 2010 na 2011, zilizoandikiwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) mpya ili Windows izitaje kama GTX 1050 Ti. Kabla hata ya kuichomeka, tazama nyuma. Kuanzia kizazi cha 10, NVIDIA waliondoa mawimbi ya analogi. "1050 Ti" yenye tundu la bluu la VGA itilie shaka papo hapo. Ikiwa muuzaji ana mashine ya kujaribia, fungua GPU-Z: programu hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina ikigundua udanganyifu. Hata isipoandika, linganisha viini: 1050 Ti halisi ina 768, GTX 1650 ina 896, RTX 3050 ya GB 6 ina 2304. Muuzaji akikataa usifungue GPU-Z dukani, umeshapata jibu.

Kuichomeka

Sasisha BIOS ya bodi kabla, ukiwa bado unatumia grafiki ya ndani. Ingiza Service Tag (namba ya utambulisho iliyo kwenye stika ya mashine) kwenye tovuti ya Dell, pakua toleo la mwisho, liendeshe ndani ya Windows. Umeme wa kwetu tunaujua, kwa hiyo fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa, bodi inaweza kufa palepale.

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika kadi. Puliza vumbi kwa blowa, ukizuia feni kwa kidole zisizunguke. Mashine iliyokaa ofisini miaka kumi ina vumbi lililogandana kwenye hitisinki ya prosesa, na pesti yake imeshakauka. Huu ndio wakati wa kuibadilisha.

Kwenye 9020, vibamba vya nyuma vinashikwa na mlango mmoja wa kubonyea, si skrubu. Uvute, toa vibamba viwili kama kadi ni nene. Shikilia kadi kwa ncha zake, ilinganishe na sloti iliyo na njia zote 16, isukume sawasawa pande zote mbili hadi kishikizo cha mwisho wa sloti kilie "ta". Bamba la nyuma likisimama juu ya ukingo wa kasha, kadi haijaingia. Usilazimishe mlango ufunge. Itoe uanze upya.

Monita sasa inaunganishwa kwenye kadi. Inachekesha kulisema, lakini malalamiko mengi ya "nimeweka kadi na gemu ni vilevile" yanatokana na waya uliobaki kwenye matundu ya bodi. Kama monita yako ina VGA tu, nunua adapta ya HDMI kwenda VGA iliyo na saketi ndani yake. Ile ya waya mtupu kutoka DVI-D haitatoa kitu.

Skrini nyeusi

Ukiwasha na kuona giza, sikiliza. Mashine inawaka, feni zinazunguka, Windows inatoa sauti lakini hakuna picha: rudisha waya kwenye bodi, washa, bonyeza F2, nenda sehemu ya Video uchague kadi iliyoongezwa badala ya ya Intel. Taa ya kitufe cha kuwashia ikiwaka rangi ya chungwa na kupepesa, tatizo ni umeme au kadi haijakaa. Toa kadi. Ikiwaka bila kadi, safisha meno yake ya dhahabu kwa ufutio laini wa penseli, futa unga wake, jaribu tena. Ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache kadi ikiwa ndani, pawa saplai imechoka. Nyingine zina miaka kumi na zaidi. Wati 290 za kwenye lebo si wati 290 za leo.

Picha ikija, pakua draiva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD wenyewe. DDU, ile programu ya kufagia draiva, huihitaji ukitoka kwenye Intel. Itumie tu kama kulikuwa na kadi nyingine kabla. Kisha fungua GPU-Z usome mstari wa Bus Interface. Kwa GTX 1650 katika sloti sahihi unataka x16 3.0 @ x16 3.0. Ukiona 1.1 usishtuke, kadi inapumzika; bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni uipe mzigo na namba itapanda. Ukiona x4, umechomeka kwenye sloti ile nyingine. RTX 3050 itasoma x8, na hiyo ni asili yake.

Baada ya kadi, prosesa inajitokeza

Weka MSI Afterburner ikuonyeshe mzigo wa kadi na wa kila kiini cha prosesa ukiwa ndani ya gemu. Kadi ikiwa asilimia 95 na zaidi, punguza mipangilio ya picha na fremu zitapanda. Kadi ikiwa 60 huku viini vyote vinne vya i5 vimejaa 100, kupunguza picha hakusaidii. Afadhali upandishe, kwa kuwa kadi imekaa bure. Hapo cha kubadilisha ni prosesa: i7-4770 au i7-4790 inaingia kwenye soketi ileile ya LGA1150, wati 84 zilezile, hitisinki ileile, na nyuzi (threads) nane badala ya nne. GTA V Enhanced ya 2025 inaitaja i7-4770 yenyewe kama kiwango cha chini, pamoja na GB 8 za RAM zilizogawanywa katika vipande viwili. Usiweke kipande kimoja. Vipande viwili vya GB 8 vya DDR3-1600, vyote kwenye sloti za rangi moja, ndiyo saizi ya kutosha.

Hapa pia ndipo 9020 inapoishinda 7010 ya kizazi cha tatu wanayoiuza pembeni yake: kizazi cha nne kilileta AVX2, maagizo ya ziada ya prosesa, na zipo gemu mpya ambazo bila maagizo hayo hazifunguki hata uweke kadi ya aina gani.

SSD ni lazima. Sitalijadili.

Kwenye kadi ya GB 4, mpangilio wa kuushusha kwanza ni wa ubora wa ngozi za vitu, yaani textures. Ndio unaokula kumbukumbu. Vivuli vinafuata. FSR, mbinu ya AMD ya kukuza picha, iwashe kwenye Quality kwa 1080p. Chini ya hapo picha inakuwa ukungu. Na funga fremu kwenye 60, au 45 kama mashine haifiki; fremu zinazotulia zinachezeka kuliko zinazoruka kutoka 80 hadi 38.

Kuna ukuta ambao kadi haiwezi kuupanda. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 hazikubali kadi isiyo na vifaa vya ray tracing (hesabu ya jinsi mwanga unavyosafiri), hivyo 1050 Ti, 1650 na T1000 zinakataliwa mlangoni. Battlefield 6 inadai Secure Boot, ulinzi unaohakiki Windows wakati wa kuwaka. Valorant ukiwa Windows 11 inadai Secure Boot na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na 9020 ina TPM 1.2. Secure Boot yenyewe mashine hii inaiweza, mradi diski iwe GPT (mpangilio mpya wa diski) na BIOS iwe UEFI (mtindo mpya wa kuwasha mashine). Kama Windows 10 iliwekwa kwa mtindo wa zamani, huna haja ya kuifuta: hifadhi data zako, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS`, ikikubali, rudia ukiweka `/convert` badala ya `/validate`. Kisha ingia F2, badilisha Boot List iwe UEFI, zima Legacy Option ROMs, washa Secure Boot. Fuata mpangilio huo huo, kwani ukiwasha Secure Boot kabla ya kugeuza diski, Windows haitaonekana.

Windows 10 yenyewe iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane. Kama gemu unazozitaka ni hizo za ulinzi mkali, nunua kadi isiyo na plagi leo, itumie kwenye 9020, na ukipata OptiPlex 5060 au 7060 ya MT, ichomoe uhamie nayo. Inaingia vilevile.